Aliyelala kwenye Chumba cha Saba

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, amekufa kwenye vita sita na hajawahi kuumia hata ukucha. Nilipoajiriwa kutengeneza masanamu ya Makumbusho ya Vita nilihitaji mtu wa kulala sakafuni nimpake plasta, nipate kalibu ya maiti. Nilizunguka ukoo mzima. Kila mtu alikuwa na shughuli isipokuwa yeye. Akaja karakana, akala chakula changu chote cha mchana, akavua kiatu kimoja kwa sababu kilikuwa kinambana, akajilaza mkono mmoja chini ya kichwa, na kabla plasta haijamfika kiunoni alikuwa amelala fofofo. Sikumwamsha. Ilipokauka nikawa na maiti mzuri kuliko nilivyotarajia, ametulia, kiatu kimoja mguuni na kingine hakuna. Tangu hapo, kila chumba kikihitaji mtu aliyekufa, natoa Shemeji mwingine kwenye kalibu ileile, namvisha nguo za zama zake, namlaza.

Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini mtu yuleyule anakufa kila vita. Wageni wanaangalia silaha.

Makumbusho yenyewe yako kwenye ghala la zamani la saruji. Vyumba vimepangwa kwa kufuatana, kwa hiyo ukiingia mlango wa mbele unaanza na marungu. Chumba cha Kwanza watu wanapigania kisima. Wameshikana makoo, pua kwa pua, na wote niliwapanga kwenye nafasi isiyozidi ya kitanda. Kibao ukutani kinasema: Walikuwa na kiu. Basi. Nakipenda kile kibao.

Chumba cha Pili wanapigania ng'ombe. Wana mikuki, na mkuki unataka nafasi, nikalazimika kuwaachanisha. Chumba cha Tatu mfalme mmoja amesikia kwamba mfalme jirani amemwambia mkewe, tena chumbani kwao, kwamba mwenzake ana pua kama mdomo wa birika. Maelfu wakaenda kuitetea ile pua. Hao wana pinde, wamesogea mbali zaidi. Chumba cha Nne ugomvi ni namna ya kukunja mikono wakati wa kuomba. Pande zote mbili zimeikunja na zinaomba ushindi uleule, halafu zinashika bunduki. Chumba cha Tano bwana mmoja mwenye rula amechora mpaka uliopita katikati ya jiko la mtu, mafiga upande huu, sufuria upande ule. Mizinga ya chumba hicho inapiga mbali mno, kwa hiyo adui nimemweka kwenye korido karibu na vyoo. Watu wakitoka kunawa wanamfutia mikono.

Chumba cha Sita ndicho kilichonivunja mgongo. Maelezo yake yanajaza ukuta mzima, yameandikwa na maprofesa watatu waliokuwa hawasalimiani, na ukimaliza kuyasoma unajua tu kwamba chini ya ardhi kulikuwa na kitu fulani na kila mtu alikitaka. Makombora yanavuka bahari. Ikabidi adui wa chumba hicho akae nje, kwenye maegesho ya magari. Nimemjengea kibanda cha bati asiharibiwe na mvua, na madereva wanamtundikia makoti yao.

Mimi sikusoma mambo ya vita. Nimeyabeba tu, kwa mgongo huu huu. Ninachojua ni kwamba maelezo ya ukutani yalivyozidi kurefuka, ndivyo nilivyozidi kubeba masanamu kwenda mbali.

Mwaka huu tukaambiwa tujenge Chumba cha Saba, cha vita vya sasa. Waziri mwenyewe angekuja kukizindua. Mkurugenzi wetu ni mtu anayeingiza shati kwenye suruali kila baada ya sentensi, na neno analolipenda kuliko mshahara ni "kisasa". Alikuja karakana akanikuta nimeshamvisha Shemeji wa saba.

"Mama, huyo mrudishe stoo. Chumba hiki hakina maiti."

"Vita gani visivyo na maiti?"

"Vita vya sasa ni safi."

"Safi kwa nani?"

"Mama, usinipandishe presha. Waziri anakuja." Akaingiza shati. "Na kibao cha sababu bado hakijaja. Nimepiga simu wizarani. Jumatatu waliniambia ni usalama. Jumatano wakasema ni kulinda amani. Jana nikaongea na mwingine, akaniambia sababu zipo lakini ziko kwenye mchakato."

"Sasa tuandike nini?"

"Andika: Vita hivi vinaendelea."

Nikaandika. Nilikasirika siku nzima. Shemeji aliposikia kwamba ametolewa alikuja kazini kwangu amenuna, akasema kama nimempata maiti kijana zaidi nimwambie tu, yeye ni mtu mzima, ataelewa.

Lakini hasira yangu haikuwa ya Shemeji. Ilikuwa ya mwanangu.

Mwanangu wa pekee ni askari wa vita hivyo hivyo. Alikuwa anavaa sare asubuhi, anapanda basi la jeshi kona ya mtaa wetu, anashuka mjini kwenye ghorofa iliyo juu ya duka la miwani, anapigana mpaka jioni, halafu anarudi nyumbani kula. Vita vyenyewe viko ng'ambo huko, sijui wapi, na hata yeye nadhani hajui. Mwanzoni nilishukuru. Nani asingeshukuru? Wenzangu waliwahi kuwasindikiza wanao kwa kilio, mimi wangu namfungia maandazi.

Baba yake ni dereva mstaafu, mtu wa maneno machache. Siku moja mezani akamuuliza, "Hivi mwanangu, huko mnapigania nini?"

Kijana alitafuna kwanza, akameza. "Nikiingia nakuta vinaendelea, baba. Nikitoka naviacha vinaendelea. Ni zamu."

"Zamu tu?"

"Zamu."

Baba yake akaomba apitishiwe chumvi.

Kisha kijana akaacha kulala. Sisemi alilala kidogo, nasema aliacha. Kitanda chake kilibaki kimetandikwa vilevile nilivyokitandika. Alikaa kwenye kiti jikoni, mgongo umenyooka, na nikimbembeleza ajinyooshe hata kwenye kochi alikuwa anasimama haraka kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Macho yakaingia ndani. Mashavu yakakauka. Siku moja nilimkuta amesimama bafuni ameegemea ukuta, mswaki mdomoni, maji yanamwagika, na sikujua kama ananiona. Niliogopa. Nikamwambia baba yake, huyu mtoto anatufia akiwa wima.

Nikaenda mwenyewe kwenye ile ghorofa. Mkuu wa Zamu alinipokea vizuri, akaniletea kiti na maji. Ni mtu mpole, sauti ya chini, ila ana tabia moja: haangalii mtu usoni. Muda wote aliniangalia utosini. Baadaye nikagundua kwamba wote mle ndani wanatazamana hivyo, shingo zimeinama, wamezoea kuona watu kutoka juu.

"Mwanangu ni mgonjwa," nikamwambia. "Naomba mumpumzishe."

"Jeraha liko wapi, mama?"

"Halali."

"Kutolala si jeraha." Alinionyesha safu ya vijana waliokalia mito minene. "Hawa ndio majeruhi wetu. Kiuno tunakubali. Macho tunakubali. Yule pale kajeruhiwa kidole gumba, tumempa nishani. Lakini usingizi, mama, ni mambo ya nyumbani."

"Basi muachieni atoke jeshini."

"Kwetu anayetoka ni aliyekufa tu. Na hapa hajawahi kufa mtu." Akatabasamu kwenye utosi wangu. "Unaona ni kazi salama kiasi gani? Tena nilitaka kumtuma akupe habari njema. Kwa kuwa halali, kuanzia jioni ya siku ya uzinduzi wenu tumemwongezea zamu ya pili."

Niliondoka. Nilitaka kumtukana nikashindwa, kwa sababu huwezi kumtukana mtu anayekukaribisha maji.

Huku kazini Chumba cha Saba kilikuwa kimekwama. Upande wetu ulikuwa rahisi. Tulijenga jukwaa la juu lenye ngazi na uzio wa vyuma, nikaweka meza, kioo cha kompyuta na sanamu la askari aliyekaa. Nilitaka kumvisha vipokea sauti masikioni apendeze, mwanangu akasema wao hawana, mashine wanazorusha huko ng'ambo zinaleta picha tu, hazina sauti. Nikavitoa. Wageni wangepanda jukwaani na kuangalia chini, kwa sababu Mkurugenzi alisema kuangalia chini ni kisasa. Tatizo lilikuwa huko chini. Huko ndiko kwa adui, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwa adui kukoje. Nikauliza wizarani, wakaniambia ni siri. Mkurugenzi akashauri tupake rangi ya kijivu.

Nikaona, kwa nini nihangaike, nina mtu nyumbani anayekuona huko kila siku? Nikamuuliza mwanangu akiwa kwenye kiti chake cha jikoni. Nilidhani pia kuongea kutamchangamsha. Akanieleza taratibu, bila kunitazama: paa la saruji, limenyooka. Tangi jeusi la maji kwenye kona. Kamba ya nguo, mashati mawili na shuka. Mkeka kando ya tangi.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikalijenga lile paa kwa mikono yangu, kitu kwa kitu. Tangi nililipata kwa jirani. Mashati ya kwenye kamba nilileta ya mume wangu, shuka langu, na mkeka ni ule wa barazani kwetu. Juu nikafunga taa kali ya njano kuwa jua. Nilisimama jukwaani nikaangalia chini na kujipongeza, maana palikuwa mahali hasa, mahali ambapo mtu angeweza kuishi.

Siku ya uzinduzi, asubuhi, mwanangu akaja kunisaidia kusogeza tangi. Jioni ile ndiyo angeanza zamu mbili. Alipita vyumba sita polepole. Kwenye kile cha kwanza alisimama muda mrefu mbele ya wale walioshikana makoo.

"Hawa wanaonana," akasema.

"Ndiyo, wananukiana hadi jasho," nikasema. "Twende, wageni watatukuta."

Akaingia Chumba cha Saba, akaliona paa. Nilisubiri anisifu. Alisimama kando ya mkeka, na uso wake ukafanya kitu ambacho sijawahi kukiona hata alipokuwa mtoto na homa.

"Mama, kwa nini umelijenga?"

"Si wewe uliniambia?"

"Nilikuambia." Akalishika shati la baba yake kwenye kamba. "Kulikuwa na mtu hapa. Mchana. Alikuwa amelala. Mimi nikasema, Mkuu, huyu kalala tu. Mkuu akasema mtu wa kawaida hulala ndani. Anayelala juani nje amejificha, na anayejificha ana jambo. Nikamwangalia muda mrefu, mama. Hakujificha. Kulikuwa na joto tu. Alijigeuza mara moja."

"Halafu?"

"Halafu ilikuwa zamu yangu ya kubonyeza."

Nilimshika mkono, ulikuwa baridi.

"Akahesabiwa," akasema. "Mtu akishahesabiwa kuwa adui basi, hawarudi nyuma kuangalia. Nilisema inawezekana tumekosea. Wakaniambia hesabu haina kukosea, ina kuongezeka tu. Sasa kila nikilala chali, mama, naliona dari linaniangalia."

"Alikuwa amelalaje?" Sijui kwa nini niliuliza. Labda ni kazi yangu ndiyo iliyouliza.

"Hivi," akasema. Akavua kiatu kimoja, akaketi kwenye mkeka, akajilaza, mkono mmoja chini ya kichwa. "Kiatu kingine alikuwa nacho. Kichwa kilikuwa upande huu, kwenye kivuli cha..."

Hakumalizia. Nikainama. Mwanangu alikuwa amelala. Kwenye mkeka wetu, chini ya mashati ya baba yake, usingizi wa pono, mdomo wazi, amekaa vilevile kama Shemeji kwenye kalibu. Nilipiga magoti pale nikamsikiliza anavyopumua, nikalia bila sauti. Wiki ngapi nilikuwa nimeomba nisikie ile pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Chiriku, mama anayetembeza wageni. Tunamwita hivyo kwa kuwa hajawahi kunyamaza, hata anapotafuna.

"Wameshafika Chumba cha Nne! Mkurugenzi anasema... Heh! Huyu si mwanao?"

"Ndiyo. Kalala."

"Muamshe basi!"

"Atakayemwamsha nitamzika mimi," nikamwambia. "Chiriku, nakuomba. Hajalala tangu mvua. Waache wapande jukwaani, waangalie, waondoke. Asiguswe tu."

Chiriku akanitazama, akamtazama kijana. Yeye naye ni mama. "Na akikoroma?"

"Ongea."

"Hilo niachie mimi," akasema.

Wakaingia kwa mlango wa juu: Waziri, wapambe wake, waandishi wa habari, Mkurugenzi na shati lake, na Mkuu wa Zamu, mgeni wa heshima kwa niaba ya mstari wa mbele. Mimi nilibaki chini nyuma ya tangi. Nikamwona Mkurugenzi anaangalia chini na kukiona kile alichokataza, maiti, na rangi ikamtoka. Lakini Waziri alikuwa ameshatabasamu.

"Hapo sasa!" akasema Waziri. "Vyumba vyote nimeona pande mbili. Nilikuwa nataka kuuliza, adui wa vita hivi yuko wapi?"

Mkurugenzi akaingiza shati. Ndipo Mkuu wa Zamu akasogea kwenye uzio, akainamisha ile shingo yake, akamwangalia mwanangu. Huyu anamjua, nikajiambia. Amekaa naye chumba kimoja mwaka mzima, amekula maandazi yangu. Atamwita kwa jina, ataamka, jioni ataingia zamu mbili na atakufa wima.

"Yule pale, Mheshimiwa," akasema Mkuu wa Zamu, anamwonyesha kwa kidole. "Huyo ni adui."

"Umejuaje?"

"Amelala juani, mchana. Mtu wa kawaida hulala ndani."

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mwandishi mmoja akauliza kama adui huyo amehesabiwa, na Mkuu wa Zamu akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba amehesabiwa, na jeshi letu likishahesabu halirudi nyuma. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeuma kiganja changu. Nilitaka kupanda ile ngazi nimkamate koo kama wale wa Chumba cha Kwanza, na kama si pumzi ya mwanangu pale karibu na magoti yangu, ningepanda.

Halafu Waziri akasema, "Mimi ni muungwana. Hata adui ni binadamu. Naomba tusimame kimya kwa dakika moja."

Chiriku alikuwa ameshafungua mdomo. Akalazimika kuufunga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Chumba kizima kikanyamaza, na katika ule unyamavu mwanangu akakoroma.

Hakukoroma kidogo. Alirithi kwa baba yake. Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena. Waziri akafungua jicho moja.

"Hiyo ni nini?"

"Pampu, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. "Tangi linajaa."

"Mmeweka na pampu?"

"Ya kisasa kabisa."

"Safi," akasema Waziri, akafunga jicho lake, na dakika ikaendelea. Niliihesabu kwa kukoroma. Ilipoisha Chiriku akalipuka kama bomba lililopasuka, akaeleza historia ya saruji, ya mikeka, ya vifungo vya mashati, mpaka mgeni wa mwisho akasukumwa nje kwenda kunywa soda.

Mkuu wa Zamu ndiye aliyebaki. Alishuka ngazi taratibu, akanikuta.

"Hongera, mama, kazi nzuri. Kijana wako yuko wapi? Basi linaondoka naye jioni, ajiandae."

"Umeshamwonyesha kwa Waziri," nikasema.

"Nimemwonyesha nani?"

Nilimshika mkono wa koti nikamvuta mpaka kwenye mkeka, nikambonyeza bega mpaka akachuchumaa. Nadhani hakuwahi kumkaribia mtu aliyelala namna ile, labda hata mkewe. Aliangalia kiatu. Aliangalia ule mguu usio na kiatu, na soksi iliyotoboka kidoleni. Halafu, kwa mara ya kwanza, akamwangalia uso. Mwanangu akakoroma, na upepo wa pumzi ukamgusa Mkuu wa Zamu kwenye shavu. Akajifuta.

"Huyu ni... huyu ni wetu," akanong'ona.

"Wenu? Umesema adui. Mbele ya Waziri, mbele ya waandishi. Amehesabiwa."

"Ilikuwa ni makosa ya..."

"Haya, panda juu ukaseme ni makosa." Nilikuwa naongea kwa kunong'ona lakini mate yalikuwa yanamrukia. "Wakuulize na wengine. Wakuulize wangapi wamelala tu."

Niliona anapiga hesabu za aina nyingine, na sura ikabadilika, ikazeeka pale pale mbele yangu. Nilidhani nitafurahi kuiona, sikufurahi. Akainuka, akajikung'uta magoti.

"Aliyehesabiwa ametoka," akasema hatimaye, kwenye utosi wangu. "Asije kazini. Ana kikombe chake pale mezani, nitamwagiza dereva akilete."

"Kina nembo ya jeshi?"

"Ndiyo."

"Kibaki."

Akaondoka. Baada yake akaja Mkurugenzi, amebadilika kabisa, anacheka hadi meno ya nyuma, akasema Waziri ameagiza maiti yule abaki, watu wamempenda. Nikamwambia huyu ana kwao, kesho nitamletea Shemeji. Akasema sawa, mradi akorome. Nikamwambia Shemeji hana shida hiyo.

Nilikaa kwenye mkeka na mwanangu mpaka makumbusho yalipofungwa. Chiriku alizima lile jua la njano, akatuachia taa ya korido, akaenda zake bila neno, nadhani maneno yalikuwa yamemwishia. Kijana aliamka taratibu. Aliona tangi, akaona mashati, akashtuka kutaka kukaa. Nikamshika kifua.

"Tulia. Ni mimi. Ni mashati ya baba yako."

"Zamu yangu..."

"Hakuna zamu. Umekufa. Umekufa kama adui, bosi wako mwenyewe kakuhesabu. Nitakueleza njiani, utacheka."

Hakucheka. Alilala akiangalia dari la ghala, mabati yake na buibui wake.

"Wote walikuja wakaniangalia?"

"Wote."

"Wakaniona nimekufa?"

"Eeh."

"Na wewe, mama, ulijuaje kwamba sijafa?"

"Swali gani hilo? Si nilikuwa hapa karibu. Ulikuwa unakoroma."

Alinitazama. Kisha akageukia upande wa tangi, akajikunja, na kile kilio kilichomtoka sikuwahi kukisikia tangu siku niliyomzaa.

"Mashine zetu hazina sauti, mama," akasema. "Hazina sauti."

Niliteremsha shuka kutoka kwenye kamba nikamfunika. Baadaye nikakitafuta kiatu chake nikakipata chini ya ngazi, nikamvisha, tukaenda nyumbani.